Kosa Si la Chai

Kwa miaka sita nilimsindikiza mama yangu kliniki ya kisukari, na katika miaka yote hiyo swali la kwanza halikubadilika.

"Shikamoo, mama. Sukari kwenye chai bado unaweka?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeshaacha."

"Vizuri. Endelea hivyo hivyo."

Kadi inaandikwa, dawa zinaongezwa, anaitwa anayefuata. Na mama alikuwa anasema kweli. Sukari aliiacha siku ileile aliyoambiwa ana kisukari, akaliondoa hata kopo lake kabatini lisije likamtamanisha. Ila kipimo cha sukari ya damu kiliendelea kusoma juu, 13, mara 15, mara 17, na safari moja muuguzi akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba huenda kuna vitamu anavyoonja kwa siri. Mama hakujibu. Alilia ndani ya daladala, mtu mzima aliyefanywa mwongo mbele ya watu kwa kosa ambalo hakulitenda. Hakuna aliyewahi kumuuliza ile chai anainywa na nini. Angeulizwa angetaja bila kificho: chapati mbili kila asubuhi, na siku ambazo chapati hazikupikwa, maandazi manne ya jirani.

Ninayobishana nayo hapa ni imani iliyomliza mama yangu: kwamba kisukari ni ugonjwa wa sukari ya kwenye kopo, na mgonjwa aliyeiondoa kwenye kikombe ameshamaliza kazi yake ya asubuhi. Utaiona msibani, mtu akiandaliwa kikombe chake pembeni, "huyu mpeni isiyo na sukari," kisha akawekewa sahani ileile ya maandazi kama wenzake. Utaisikia mgahawani, ofisini, hata kwa baadhi ya watu waliovaa koti jeupe. Ni imani yenye nia njema, na kwa sababu hiyo haibishiwi. Mimi naibishia. Si kweli, na madhara yake nimeyaona kwenye benchi lile la kliniki: macho yaliyofifia, figo zilizochoka, miguu iliyokatwa vidole.

Lugha nayo imechangia kutupoteza. Vitabuni mlo wa asubuhi una majina mazuri: kifungua kinywa, staftahi, chamshakinywa. Nyumbani tunaulizana jambo moja tu: umeshakunywa chai? Mlo mzima umepewa jina la kinywaji. Vingine vyote vilivyoko mezani, ambavyo ndivyo vinavyojaza tumbo, vimebaki kuitwa vitafunwa, vitu vya kuisindikiza chai. Chai iliyokuja peke yake tunaiita kavu. Basi mtu akiambiwa arekebishe mlo wake wa asubuhi, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye kikombe, kwa sababu katika Kiswahili chetu cha kila siku kikombe ndicho mlo. Anakirekebisha kikombe, na sahani inapita bila kukaguliwa.

Na jina la ugonjwa likamalizia. Tunasema kisukari, au ugonjwa wa sukari, au kwa mkato tu "ana sukari". Lakini jina hilo halikutoka kwenye chakula, lilitoka kwenye mkojo. Waganga wa kale wa India waliuita madhumeha, yaani mkojo wa asali, na waliona wadudu wakiufuata. Nyumba nyingi za kwetu pia zinaijua habari ya sisimizi wanaokusanyika msalani kabla mtu hajapimwa. Uingereza, katika karne ya 17, daktari Thomas Willis aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa hawa ni mtamu kama asali. Mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool aliukausha mkojo wa mgonjwa kwa moto hadi ukabaki unga mweupe mtamu kama sukari, na akaonyesha kwamba hata damu ya mgonjwa ilikuwa na utamu. Wote hao walikuwa wanaeleza kinachotoka mwilini. Sisi tukalichukua jina la kinachotoka tukaligeuza kuwa maelezo ya kinachoingia, tukaamini kwamba utamu uliopo kwenye mkojo lazima uwe ulipita mdomoni ukiwa mtamu.

Haukupita hivyo. Chukua kilo moja ya unga mweupe wa ngano. Ndani yake mna wanga kama gramu 750. Mpishi akitoa chapati 15 kwenye kilo hiyo, kila chapati ina gramu 50 za wanga. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 5. Kwa hiyo chapati moja, isiyo na chembe ya sukari, inabeba mzigo wa vijiko 10, na chapati mbili ni vijiko 20. Mama yangu aliondoa vijiko viwili kwenye kikombe, akabaki na 20 kwenye sahani, akapongezwa.

Atatokea mtu aseme wanga si sukari. Kwenye ulimi si sukari, hilo nakubali. Lakini wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi, punje baada ya punje, na mate yanaanza kuukata mtu akiwa bado anatafuna. Ukifika kwenye utumbo mwembamba kazi inamalizwa, na kinachoingia kwenye damu ni glukosi ileile inayosomwa na kipimo. Tena sukari ya mezani ni nusu glukosi na nusu fruktosi, na fruktosi hupitia kwanza kwenye ini. Wanga wa unga mweupe ni glukosi tupu. Ndiyo maana mkate unaweza kupandisha sukari ya damu kwa kasi kuliko sukari yenyewe, jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nilirudi kulisoma tena nikidhani wamekosea kuchapa.

Hawakukosea. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, mji uleule ambako insulini ilipatikana mwaka 1921, walianza kuvipanga vyakula kufuata kasi ambayo vinaipandisha sukari ya damu, glukosi tupu ikiwekwa kuwa 100. Katika majedwali ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2008, sukari ya mezani ina wastani wa 65. Mkate mweupe una 75. Na mkate wa ngano isiyokobolewa, ule tunaouita mkate wa brown na kuulipia zaidi kwa ajili ya wagonjwa wetu, una 74. Tofauti ya hatua moja. Nafaka nzima ikishasagwa ikawa vumbi, utumbo hauoni kazi ya kuivunja, rangi iwe nyeupe au ya kahawia. Nyuzinyuzi zake zina faida zake kwa moyo na kwa choo, sizikatai. Ninachokataa ni vipande vinne vya mkate kuitwa chakula cha mwenye kisukari kwa sababu tu mfuko una picha ya suke la ngano.

Katika majedwali hayohayo chapati ya unga usiokobolewa ina 52, na wapo wanaoishika namba hiyo kama cheti cha ruhusa. Kwanza, chapati zetu nyingi ni za unga mweupe. Pili, kasi ni jambo moja na wingi ni jingine. Lori likienda taratibu bado linafika na mzigo wote.

Asubuhi nayo ina tabia yake. Kuanzia kama saa tisa usiku mwili unajiandaa kuamka. Homoni ya kotisoli inapanda, ini linamwaga glukosi kwenye damu ili mtu ainuke na nguvu, na kwa saa kadhaa insulini inafanya kazi kwa taabu. Kwa aliye mzima kongosho linaongeza insulini kidogo na mambo yanatulia. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili nyongeza hiyo haipatikani, ndiyo maana wengi wanalala na 6 wanaamka na 8 bila kula kitu, kisha wanashtuka. Sahani ileile ya wanga ambayo mchana ingempandisha kiasi, asubuhi inampandisha zaidi. Kwa maneno mengine, tumechagua saa ambayo mwili umechoka kuliko zote kupokea wanga, tukaiwekea mlo ambao ni wanga karibu mtupu: chapati, maandazi, vitumbua, mkate, mihogo, viazi. Chakula cha mchana, pamoja na ugali wake, huwa na maharage, samaki na mboga za majani pembeni. Chai haina mlinzi.

Sasa tuje kwenye uji, maana hapo ndipo nitakapogombana na watu wengi. Mgonjwa akiambiwa chapati si nzuri, ushauri unaofuata, kutoka kwa jirani hadi kwa muuza unga, ni uji wa lishe. Mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, wakati mwingine na mbegu za maboga, vyote vikasagwa pamoja. Jina lake lina heshima, na nani atakataa lishe? Lakini tujiulize unga huu umekuwa ukimsaidia nani miaka yote. Ni mtoto anayeachishwa ziwa, na mtoto aliyedhoofu anayetakiwa kuongezeka uzito. Tumbo lake ni dogo, meno yake machache, na mama anataka nguvu nyingi ziingie upesi. Kwa hiyo nafaka inasagwa laini, inachemshwa hadi wanga wake uvimbe na kulainika, na inanywewa bila kutafunwa. Kila hatua ya kazi hiyo imekusudiwa kuirahisishia glukosi njia ya kuingia kwenye damu. Ni kazi nzuri kabisa kwa mtoto wa mwaka mmoja. Mtu mwenye kisukari anahitaji kinyume chake, hatua kwa hatua.

Kikombe kikubwa cha nusu lita, kilichokorogwa kwa gramu 50 za unga, kina wanga wa karibu gramu 35. Nusu chapati na zaidi, kwa kimiminika, na saa mbili baadaye njaa imerudi. Soya na karanga zilizomo husaidia, lakini katika vifurushi vingi mahindi na nafaka nyingine ndizo zinazojaza mfuko. Na kwa kuwa sukari "imekatazwa", wengi wanatia asali, au tende zilizosagwa, wakiamini wamefanya ibada. Asali ina heshima yake katika dini na katika tiba zetu, nami sitamvunjia mtu imani. Ila kijiko kimoja cha mezani cha asali kina sukari kama gramu 17, na kasi yake kwenye yale majedwali ni 61, jirani wa mlango mmoja na sukari. Kongosho halijui kwamba ilitoka kwa nyuki.

Kama mtu hawezi kuuacha uji, na wapo wazee ambao asubuhi bila uji haijawa asubuhi, basi autengeneze wa ulezi, mwepesi, kikombe kidogo, uliochachushwa au wenye ndimu, kwa sababu ukali wake hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni. Na auchukulie kuwa ni kitafunwa cha siku hiyo, asiuongezee mkate juu yake.

Hoja ambayo husikika kwa sauti kubwa kuliko zote ni ya babu na bibi. Walikula mihogo, viazi na ugali wa dona maisha yao yote, wakafika miaka 80, na kisukari hawakukijua. Ni hoja ya kweli kwa sehemu kubwa. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wao wa vijiji vya Tanzania, na wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa uliopima watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu 9 katika kila 100 wenye sukari iliyozidi. Vipimo havikuwa vya namna moja, na uchunguzi wa pili uliwahusisha watu wa mijini pia, kwa hiyo mtu asizitoe namba hizo kama anayetoa hesabu za dukani. Lakini hakuna anayeangalia kliniki zetu leo akasema hakuna kilichobadilika.

Kilichobadilika si muhogo. Bibi alikula muhogo baada ya kulima, au kabla tu ya kwenda kulima. Msuli unaofanya kazi huvuta glukosi kutoka kwenye damu bila kungoja insulini iuruhusu, na bibi alikuwa na misuli inayofanya kazi kuanzia alfajiri. Mjukuu wake anakula muhogo uleule, wa kukaanga safari hii, kisha anakaa kwenye bodaboda, kisha kwenye kiti cha ofisi au kwenye kigoda cha duka hadi jioni. Na bibi hakula chapati kila siku. Katika nyumba nyingi za bara chapati ilikuwa chakula cha sikukuu na cha mgeni mheshimiwa, watoto walihesabu siku hadi Idi au Krismasi. Leo ni chakula cha Jumanne. Anayetaka kula kama bibi ale, mradi na jembe lake alichukue. Asiyeliweza jembe, basi dakika 15 za kutembea mara tu baada ya chai zinaonekana kwenye kipimo siku hiyohiyo.

Ipo hoja nyingine ambayo naiheshimu zaidi, ya wasionacho. Wanasema: mnatuambia tuache maandazi, mayai mtatununulia ninyi? Wanayo haki ya kuuliza, kwa sababu ushauri mwingi wa lishe unaotufikia umeandikwa kwa jikoni za watu wengine. Oti za kwenye kopo, maziwa ya mlozi, samaki wa bahari ambazo hazijapakana na sisi. Hayo nayakataa pia. Lakini chakula bora cha asubuhi kwa mwenye kisukari kimo ndani ya sufuria ya jana usiku, na mara nyingi ni nafuu kuliko chapati mbili za mgahawani.

Ni maharage. Ni kunde, choroko, mbaazi, dengu, adesi. Vina wanga pia, sitaki kumdanganya mtu: nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 20. Lakini wanga huo umefungiwa ndani ya kuta ngumu za punje, umechanganyika na protini gramu 7 na nyuzinyuzi kiasi kama hicho, na utumbo unautoa kidogo kidogo. Kwenye majedwali yale maharage yana 24 na dengu 28, dhidi ya 75 ya mkate mweupe. Zaidi ya hapo, yanabaki yakifanya kazi hadi mchana. Mwaka 1982 Jenkins na wenzake waliwalisha watu adesi asubuhi, na siku nyingine mkate wa ngano isiyokobolewa, kisha saa nne baadaye wakawapa mlo uleule wa mchana. Siku ya adesi, sukari ilipanda kwa kiasi kidogo kuliko siku ya mkate, hata baada ya ule mlo wa mchana, ambao haukuwa na adesi hata punje.

Anayekaa pwani atakuwa ameshafikiri mbaazi za nazi. Mombasa, Tanga na Unguja hilo ni jambo la asubuhi, mahamri kwa mbaazi, na sijui mlo mwingine unaobeba tatizo na suluhisho kwenye sahani moja namna hii. Kosa liko kwenye vipimo. Mtu anakula mahamri manne na kijiko cha mbaazi cha kulowekea. Ageuze: bakuli la mbaazi, tui lake jepesi, na hamri moja. Hajauacha mlo wa kwao, hajanunua kitu kipya, na amebadilisha asubuhi nzima.

Wa bara wanayo supu. Supu ya kuku au ya ng'ombe ni protini, na haina ubaya wowote hadi pale inaposindikizwa na chapati tatu. Wanaoishi karibu na maziwa wana dagaa, ambao mfuko mdogo wake unalisha nyumba siku kadhaa. Yapo matembele, mchicha na kisamvu, ipo karanga ya kuchemsha au kukaanga bila mafuta, kiganja kimoja. Lipo parachichi, ambalo msimu wake ukifika Mbeya na Kilimanjaro linaokotwa chini. Lipo yai, kwa anayelipata. Kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha au cha muhogo chenye ukubwa wa ngumi kikiwekwa pembeni ya hivyo hakina madhara ya kutisha. Kizuizi kikubwa, nikisema ukweli wangu, si bei. Ni aibu. Maharage asubuhi yanaonekana chakula cha shida, cha bweni, cha mtu aliyekosa. Mchicha asubuhi unaonekana kichekesho. Chapati ndiyo heshima. Mama yangu mwenyewe aliniambia, "Mwanangu, nikimpa mgeni maharage saa mbili asubuhi atasema nimefilisika." Tumeshikilia heshima ya sahani huku miguu inakatwa.

Na hata kwa anayebaki na chapati yake, kuna utaratibu usiogharimu kitu. Mwaka 2015 watafiti wa Weill Cornell huko New York waliwapa watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili chakula kilekile kwa siku mbili tofauti. Siku ya kwanza walianza na mkate na juisi ya machungwa, kuku na mboga vikafuata robo saa baadaye. Siku ya pili walianza na kuku na mboga. Chakula hakikubadilika hata kidogo, lakini siku ya pili sukari ya baada ya saa moja ilikuwa chini kwa karibu asilimia 37. Ni uchunguzi mdogo, lakini kila mwenye kipimo anaweza kuurudia nyumbani kwake kesho. Anza na maharage, yai, dagaa au mchicha. Chapati ije mwisho, tumbo likiwa halina nafasi ya mbili.

Simwambii mtu aache kula asubuhi. Hilo ni kosa la upande wa pili, na ni la hatari zaidi. Anayetumia insulini, au vidonge vya glibenklamaidi, ameshaweka mwilini kitu kinachoshusha sukari kipende kisipende. Akiruka mlo, itashuka kupita kiasi. Kwa sababu hiyohiyo mtu wa dawa hizo asipunguze wanga kwa mkupuo kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa kuwa huenda dozi nayo ikahitaji kupunguzwa. Na ambaye figo zake zimeanza kuchoka asiongeze maharage na nyama bila kuuliza.

Hili nimelijua kwa uchungu. Usiku mmoja, saa kumi kasorobo, mama aliamka analowa jasho jembamba, anatetemeka, anajibu maswali ambayo hatujamuuliza. Sukari ilikuwa imeshuka. Dawa yake ilikuwa ni vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, kungoja dakika 15 na kupima tena. Vijiko vitatu tu. Na nyumba nzima haikuwa na sukari, kwa sababu tulikuwa tumeifukuza kama mwizi miaka minne kabla ya hapo. Nilikimbia kwa jirani pekupeku. Alipona. Lakini tangu usiku ule sijawahi kuvumilia kusikia sukari ikifanywa ndiyo adui na unga ukiachwa upite. Kijiko kile tulichokiogopa kwenye kikombe ndicho kilichomrudisha mama yangu, na chapati tulizomwandalia kwa upendo kila asubuhi ndizo zilizompandishia dawa.

Watu wa imani hii ninayoipinga watasema: muuguzi ana wagonjwa 60 na dakika tatu kwa kila mmoja, "acha sukari" ni neno fupi linaloeleweka. Nakubali kwamba muda hautoshi, na sioni aibu kumtetea muuguzi yule aliyemkosea mama. Alifundishwa swali lile naye akaliuliza. Lakini kama kuna dakika tatu tu, basi zitumike kuuliza swali linalostahili. Neno fupi lililokosea halipati ukweli kwa sababu ni fupi.

Tena kipo kipimo. Wengi wetu hupima asubuhi kabla ya kula, tukaandika namba, tukaona kazi imekwisha. Namba hiyo inasema habari za usiku. Habari za chapati zinasomwa saa mbili baada ya kuanza kula, na wagonjwa wengi huambiwa isizidi 10. Vijiti vya kupimia vina gharama, najua. Basi mtu apime asubuhi tatu tu katika mwezi: moja ya chapati zake za kawaida, moja ya uji wake, moja ya maharage na yai au dagaa. Aandike namba zote tatu kwenye karatasi moja aende nayo kliniki. Mama alipofanya hivyo, ile ya chapati ilisoma 15 na nukta kadhaa, ile ya maharage ikasoma 9. Chai ilikuwa ileile siku zote tatu, ya rangi, yenye tangawizi, isiyo na sukari.

Kwa wauguzi na madaktari wanaokaa kwenye viti vile vya kliniki, nina ombi moja, na naliomba kwa heshima. Bibi wa kesho akishaketi, akishaitikia shikamoo, msimuulize anaweka vijiko vingapi. Muulizeni chai amekunywa na nini.